Mikono Isiyouliza

Wasomaji wangu wamezoea kunikuta hapa nikizungumzia katiba, bajeti na uchaguzi. Leo naomba radhi nizungumzie kichwa: kwanza changu, kisha cha dada yangu. Nimeahirisha makala haya kwa miaka kadhaa, kwa sababu sehemu yake ya pili hainipendezi, na kwa sababu mtu ambaye kazi yake ni kuwakosoa wenye madaraka hupata tabu inapofika zamu ya kujikosoa mwenyewe.

Katika familia yetu mimi huitwa Dokta. Shahada yangu ya uzamivu ni ya sosholojia ya siasa. Nilichambua namna mikutano ya vijiji inavyofikia maamuzi. Lakini neno daktari halina mipaka mtaani kwetu. Shangazi akivimba mguu, napigiwa simu mimi. Mjomba akiandikiwa dawa asiyoielewa, hunitumia picha ya karatasi. Nilikuwa nikiwaambia, “Mimi ni daktari wa vitabu,” nao walicheka, kisha wakasubiri jibu. Nami, nakiri, nilijibu.

Majira ya baridi ya mwaka 2012 nilikuwa Bayreuth, katika jimbo la Bavaria, Ujerumani. Chuo kikuu cha mji ule kimefundisha na kutafiti Kiswahili kwa miongo kadhaa, kwa hiyo sikuwa mpweke wa lugha. Nilikuwa mpweke wa kila kitu kingine. Mwezi Novemba kichwa kikaanza kuniuma. Kilianzia kisogoni alfajiri, kikapanda hadi juu ya jicho la kushoto, na ikifika saa nne asubuhi nilikuwa nimezima taa na kufunga kompyuta.

Nilikwenda kwanza hospitali. Naomba msomaji aishike sentensi hiyo, kwa sababu mimi mwenyewe niliiachia baadaye. Daktari alinipima shinikizo la damu mikono yote miwili, akanimulika machoni, akanitaka nifuate kidole chake kwa macho, akanigonga magoti kwa nyundo ndogo ya mpira, kisha akanipeleka nikapigwe picha ya kichwa. Majibu yalirudi safi. Akasema ni uchovu na msongo, nilale zaidi na niandike kidogo, ushauri ambao mwanafunzi wa uzamivu hawezi kuufuata hata akitaka.

Aliyenitajia tiba ya kraniosakrali ni mama mwenye nyumba niliyopanga, mwalimu mstaafu. Jina la tiba hiyo linaeleza eneo lake la kazi: kranio ni fuvu, na sakrali ni ule mfupa mpana ulio mwishoni mwa uti wa mgongo, juu kidogo ya kifandugu. Nilivua viatu na koti, nikalala chali kitandani nikiwa na nguo zangu. Mtaalamu, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, aliketi nyuma ya kichwa changu, akaingiza mikono chini ya kisogo. Hakukanda, hakubonyeza, hakunyoosha kitu. Alikishika kichwa changu kama mtu anayekinga maji kwa viganja. Walimu wa tiba hii husema nguvu inayotakiwa ni kama gramu 5, takriban uzito wa kijiko cha chai cha sukari. Saa nzima ikapita hivyo: kisogoni, kwenye paji la uso, chini ya kiuno, kwenye vifundo vya miguu. Sikumbuki ni wakati gani nilianza kulia.

Sikuwa na huzuni ninayoweza kuitaja. Nilipohesabu baadaye nikiwa kwenye basi, niligundua kuwa kwa miezi minne hakuna binadamu aliyekuwa amenigusa isipokuwa kwa kunipa mkono wa salamu. Kwetu mtu hamalizi siku moja bila kushikwa bega, kuvutwa mkono, kuegemewa kwenye daladala na mtu asiyemjua. Nilikuwa nimeishi ndani ya koti tangu Septemba.

Nilirudi mara sita, kwa euro 60 kila mara, kutoka kwenye posho isiyokuwa na nafasi ya anasa. Kichwa kikapungua, kisha kikaacha. Je, ilikuwa mikono ile, au jua la Machi, au sura ya nne ya tasnifu niliyoikamilisha wiki hiyohiyo? Mtafiti angeuliza hivyo. Mimi sikuuliza. Mtu aliyepona hapendi kuhojiwa.

Historia ya tiba hii niliisoma miaka mingi baadaye, na ni ya kuvutia kuliko wafuasi wake wengi wanavyoieleza. Inaanzia Marekani, kwa tabibu aliyeitwa Andrew Taylor Still, ambaye mwaka 1864 alipoteza watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo. Utabibu wa zama zake, uliojaa zebaki na dawa nyingine za kuangamiza, haukumsaidia kitu, akauacha na kutafuta njia ya kutibu kwa mikono. Mwaka 1892 alifungua shule ya osteopathia huko Kirksville, Missouri. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo William Garner Sutherland, ambaye siku moja alitazama mifupa ya fuvu iliyotenganishwa, akaona kingo zake zimechongwa mshazari kama mashavu ya samaki, akajiambia kuwa kitu chenye umbo la mashavu lazima kinapumua. Kwa miaka mingi alijifunga vifaa vya kulibana fuvu lake mwenyewe ili aone kitakachotokea. Katika miaka ya 1970 John Upledger, osteopathi aliyefanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, aliyachukua mawazo hayo, akayapa jina tunalolitumia leo, na kuanza kuwafundisha hata watu wasio madaktari. Kutoka hapo tiba hiyo ikaenea Ulaya, na hatimaye ikafika Dar es Salaam.

Nadharia yenyewe inasema hivi: ugiligili unaozunguka ubongo na uti wa mgongo una mdundo wake, mbali na ule wa moyo na wa pumzi, wa mara 6 hadi 12 hivi kwa dakika, mifupa ya fuvu husogea kidogo kuufuata, mdundo ukikwama mwili huugua, na mkono uliofunzwa unaweza kuuhisi na kuufungulia njia. Sehemu ya maneno hayo ni kweli. Ugiligili upo, nao husogea, ila husukumwa na moyo na pumzi zilezile tunazozijua. Mifupa ya fuvu la mtu mzima imeshikamana kwa maungio yenye meno kama ya msumeno, na umri unavyosonga mengi ya maungio hayo huungana. Gramu 5 haziyasogezi. Ushahidi unaoniuma zaidi kama mtafiti ni mwepesi kuueleza. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa tiba hii walitakiwa kumshika mtu mmoja, kila mmoja ahesabu mdundo anaouhisi. Hesabu zao hazikulingana. Kama kitu kipo chini ya ngozi ya mgonjwa, mikono miwili iliyofunzwa ilipaswa kukikuta pamoja.

Hata hivyo siwezi kuifunga kesi hapo. Huko Essen, Ujerumani, watafiti waliwagawa watu 54 wenye maumivu sugu ya shingo katika makundi mawili: wengine wakapewa tiba yenyewe, wengine mguso mwepesi wa kuigiza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa waliopata tiba yenyewe walipungukiwa na maumivu zaidi. Ni watu wachache, na baadhi ya mapitio ya baadaye yaliyokusanya tafiti nyingi hayakuona faida ya maana. Lakini maumivu ya mtu hayasubiri wasomi wakubaliane. Tunajua pia, kwa kazi ya watafiti wa Uswidi tangu miaka ya 1990, kwamba ngozi ya binadamu ina mishipa ya fahamu ya mwendo wa polepole ambayo huitika hasa inapopapaswa taratibu. Inawezekana basi mtu akapata nafuu ya kweli kwa sababu tofauti kabisa na ile anayoelezwa. Nafuu ya namna hiyo ndiyo iliyonipofusha.

Mikono haikuwa kitu kigeni kwangu. Bibi yangu mzaa mama aliishi Bweni, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Pangani, na alikuwa mkunga na mkandaji. Nilipokuwa mdogo nilimshikia kibatari huku akipasha mafuta ya nazi kwenye kibakuli cha bati. Wazazi wa mtaani aliwakanda kwa maji moto mpaka arobaini yao iishe. Wavuvi waliotegua mabega aliwachua huku wakipiga kelele kama watoto. Lakini Bibi alikuwa na desturi moja ambayo wakati ule niliiona ni umbeya. Hakumgusa mtu kabla ya kumuuliza. Umelala vipi? Mkojo una rangi gani? Macho yanaona sawasawa? Lilianza kabla ya safari au baada ya safari? Usiku mmoja aliletwa mwanamke mwenye ujauzito mkubwa, miguu imemjaa, analalamika kichwa. Waliomleta walitaka akandwe apate usingizi. Bibi alibonyeza mguu kwa kidole, akatazama shimo lilivyokataa kurudi, akaufunika mguu ule kwa kanga. “Huyu si wangu,” akasema. “Mvusheni sasa hivi.” Kivuko kilikuwa kimeshafungwa. Walimvusha kwa mtumbwi hadi hospitali ya mjini.

Mwaka 2019 dada yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi huko Mbagala, alinipigia simu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyelala vibaya. Kichwa, akasema. Wiki ya tatu sasa. Mwalimu mkuu alikuwa amempa ruhusa aende zahanati siku ya Alhamisi.

Nikamwambia, “Dada, huo ni msongo. Ulinipata hivyohivyo Ujerumani.”

Nilikuwa nimesikia kuwa jijini kuna mtaalamu wa tiba ile, Mtanzania aliyesomea nje. Nikamlipia dada vikao vitano, shilingi 100,000 kila kimoja, kama zawadi. Zahanati hakwenda. Nyumba yenyewe ilikuwa upande wa baharini, yenye bustani na ukimya, na mtu akitoka Mbagala kwa mabasi mawili huhisi ametoka katika nchi moja kuingia nyingine. Jioni ya kikao cha kwanza alinipigia tena. “Mdogo wangu,” akasema, “tangu mama afariki hakuna mtu aliyenishika kichwa.” Alilala usiku ule mpaka adhana. Nilifurahi kama mtu aliyegundua dawa.

Vikao vitano vikawa vinane. Vitatu vya mwisho alilipa mwenyewe. Kwenye fomu aliyojaza siku ya kwanza, ambayo niliiona baadaye, aliulizwa kuhusu ajali za utotoni, namna alivyozaliwa, misiba, mambo yanayomtia hofu. Shinikizo la damu halikuwa na mstari wake. Mashine ya kulipima haikuwapo pale. Kwa miezi mitatu dada yangu alishikwa kichwa na mikono yenye upole kuliko yote aliyoijua, na mikono hiyo haikuuliza.

Asubuhi moja kikombe cha uji kilimponyoka. Shemeji alidhani ni usingizi, mpaka alipoona anakiinamia kukiokota na mkono wa kulia haumfuati. Nilifika hospitali wakati muuguzi anamfunga mkanda wa kipimo. Alitazama namba, akaufungua, akaufunga mkono wa pili. 214 kwa 128.

“Mama, dawa za presha uliacha lini?”

Dada alifungua mdomo, maneno hayakuja.

“Hajawahi kutumia,” nikajibu.

“Alipima mwisho lini?”

Nikanyamaza. Shemeji, akitaka kunisitiri, akasema, “Huyu ni ndugu yake, ni daktari.” Muuguzi alinitazama mara moja tu, kisha akaendelea na kazi yake.

Daktari aliyemhudumia alinieleza jambo ambalo ni haki nilitaje, ingawa halinipunguzii kitu. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima walio nalo hawajui. Huenda kichwa kile hakikutokana na presha kabisa. Huenda mtaalamu aliyemshika alikiondoa kwa haki. Lakini kichwa kile ndicho kilichokuwa kimempatia ruhusa ya Alhamisi. Kingemfikisha kwenye mashine. Mimi ndiye niliyemgeuza njiani. Nilikuwa nimeisimulia hadithi ya Bayreuth mara nyingi, na kila nilipoisimulia nilianzia kwenye kile kitanda. Nyundo ya mpira, taa ya machoni, picha ya kichwa, vyote nilivipunguza kidogo kidogo mpaka vikatoweka, kwa sababu havikuniliza.

Wodini dada alilazwa siku tisa. Sina malalamiko kuhusu dawa: zilipatikana, zikatolewa kwa saa zake. Lakini nilikaa kando ya kitanda kile muda wa kutosha kuona kitu kingine. Madaktari walikuja asubuhi, wakasoma faili, wakaulizana kwa Kiingereza, wakaandika, wakapita. Hakuna aliyemshika mkono uliolegea ila siku alipokuja kijana wa tiba ya viungo, akauinua kiganjani mwake, akamwambia, “Mwalimu, tuuamshe huu.” Siwalaumu madaktari. Niliwahesabu wagonjwa wa mmoja wao asubuhi ile, nikaachia njiani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya takwimu za nchi 67, ulikuta kuwa muda wa mgonjwa mbele ya daktari katika huduma za msingi ulikuwa wastani wa sekunde 48 Bangladesh na dakika 22 na nusu Uswidi. Sekunde 48 hazitoshi kumuuliza mtu amelala vipi. Saa nzima ya nyumba ile ya baharini ilitosha, lakini swali halikuwapo.

Hapa ndipo jambo la familia yetu linapokutana na kazi ya wasomaji wangu mlio serikalini. Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na tunalo Baraza la kuisimamia. Mjadala wetu, tunapokuwa nao, huwa ni nani asajiliwe na nani ni tapeli. Ni mjadala wa lazima, ila haumfikii mtu kama mtaalamu wa dada yangu, ambaye hakuwa tapeli hata kidogo. Ningependa kila anayeruhusiwa kumgusa mgonjwa kwa malipo, awe amesomea Pangani au ng'ambo ya bahari, alazimike kuwa na mashine ya shinikizo la damu mezani na kujua namba ambayo ikionekana, mikono inarudi mfukoni na mgonjwa anavushwa. Mashine niliyomnunulia dada baadaye iligharimu pungufu ya vikao viwili.

Wapo wanafunzi wangu ambao wataniambia kuwa huku ni kuisujudia tiba ya Magharibi. Nimeshaandikiwa barua za namna hiyo kwa makosa madogo kuliko haya. Nawakumbusha tu kwamba kraniosakrali ni mtoto wa Missouri. Katika simulizi hii aliyeutetea utu wa mgonjwa kwa desturi za kwetu ni mwanamke wa Bweni aliyekataa kukanda mguu. Na wapo madaktari, baadhi yao rafiki zangu, watakaosoma haya kama ushahidi kwamba upuuzi wa mikono ufungiwe. Hao nawaomba wajiulize kwa nini mwalimu wa Mbagala mwenye mshahara wa kuhesabu alilipa mwenyewe vikao vitatu vya mwisho.

Nilimpigia yule mtaalamu, nikiwa nimejiandaa kwa ukali. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Hakuniambia, kaka.” Nikamjibu kwamba hakumuuliza. Akasema, “Na wewe?” Sikuwa na la kujibu. Baadaye alinunua mashine. Alinitumia picha yake bila maneno.

Dada amerudi darasani, ingawa chaki sasa huishika kwa mkono wa kushoto na wanafunzi wake wamezoea herufi zinazopanda mlima. Maneno yake yamerudi karibu yote. Jumapili huwa nakwenda Mbagala. Baada ya chakula yeye hulala kwenye mkeka barazani, nami huketi nyuma ya kichwa chake. Tulijaribu kuliacha jambo hilo; yeye ndiye aliyelirudisha. Mtaalamu wake alinionyesha namna ya kuweka viganja, na sijui kama ninachokihisi chini ya vidole ni mdundo wa ugiligili au wa mshipa wangu mwenyewe.

Kabla ya hapo kuna mkanda, na daftari la mazoezi la shule lenye mistari aliyoichora kwa rula: tarehe, juu, chini. Jumapili iliyopita nilipima, nikaona 136 kwa 84, nikashusha pumzi na kukimbilia kisogo chake.

“Dokta,” akasema bila kufumbua macho, “hujaandika.”